Jongoo Hasimami

Siwema, mpishi wa mzee Ndesanjo pale Themi, hakuwa mtu wa kuamini neno kirahisi. Akirudi sokoni alifunua masufuria kwanza, ajue nani kaonja. Sukari aliichora mstari kwa kidole. Alizaliwa Pangani, ndoa ndiyo iliyomleta Arusha, na katika nyumba ile ya Wachaga, kutoka pwani kulikuwa cheo.

Biashara zilipofunguliwa, Ndesanjo alianza kuleta redio na friji kutoka Dubai. Mambo yalipomnyookea akaweka sebuleni tanki la kioo, na maji ya bahari yakawa yanakuja kwa mapipa kutoka Tanga. Mlikuwa na samaki wawili wa njano na majongoo bahari wanne, weusi, wanaoshinda wamelala mchangani kama soksi zilizosahaulika. Tanki akakabidhiwa Siwema. Nani mwingine aliijua bahari?

Mtu ambaye Siwema alimtilia shaka kuliko wote ni Lemburis, mlinzi wa getini, aliyekuja kazini na kibuyu chake cha maziwa. Pikapu mpya ilipofika, Lemburis aliinyunyizia maziwa magurudumuni, kuibariki kama wafanyavyo kwao, na mzee akafurahi sana. Siwema hakufurahi. Aliliweka moyoni.

Alasiri moja akarudi sokoni, akakuta maji ya tanki meupe pee, samaki wote wawili wanaelea ubavu, na Lemburis kasimama sebuleni, kofia mkononi. Alieleza kwamba ameona dirishani majongoo wakisimama wima, mkia tu ukibaki mchangani, wanayumba huku wakitoa kitu cheupe kichwani mfano wa moshi. Ndipo akaingia kutazama.

Siwema akamshika mikono, akainusa. Ilinuka maziwa. Mikono ya Lemburis ilinuka maziwa kila siku ya Mungu, ila hilo hakulisema.

Mzee aliporudi alisikiliza pande zote, kisha akamgeukia mtu wa pwani.

“Mzee, majongoo nimewakanyaga tangu utotoni,” Siwema alisema. “Jongoo hasimami.”

Jioni hiyohiyo Lemburis akafukuzwa kazi. Getini alimwambia Siwema kwa upole, “Mama, nibariki samaki wa nini? Kwetu samaki hata hatuli.” Siwema akaona huo ndio ujanja wenyewe.

Mzee akanunua samaki wengine. Ikapita miezi, hadi alasiri nyingine, Siwema akiwa peke yake na kitambaa cha vumbi, maziwa ya chai yakichemka jikoni. Jongoo mmoja akanyanyua kichwa. Akapanda, akapanda, akasimama wima. Wa pili akafuata. Wakawa wanayumba, na vichwani mwao ukatoka ule weupe, taratibu, mpaka kioo kikafunikwa. Siwema aliona aibu ikimpanda mwili mzima. Akasikia maziwa yakifurika jikoni, akakimbia kuyaepua kwa mikono mitupu.

Mzee alipoingia, majongoo walikuwa wameshalala.

“Wamesimama, mzee,” Siwema akasema. “Nimewaona kwa macho yangu. Tulimwonea Lemburis.”

Ndesanjo aliyatazama maji, akawatazama majongoo, akamtazama yeye.

“Siwema, si wewe uliyeniambia jongoo hasimami?”

Siwema akamwonyesha majongoo kwa kidole.

“Hebu lete mikono,” mzee akasema, akainama kuinusa.