Plagi Nyeusi kwa Masizi

Juzi, nikiwa kwenye duka la vipuri Makambako, mama mmoja alifungua leso akaweka plagi nne juu ya kaunta.

"Naomba mpya. Ni za gari la spoti la marehemu mume wangu."

Muuzaji akapitisha kidole, kikatoka cheusi. "Tatizo si plagi wala waya, mama. Unaliwasha tu, huliendeshi."

"Kila asubuhi, nisikie mngurumo wake."

"Liendeshe hadi Njombe, masizi yataungua yenyewe."

"Miguu yangu haifiki kwenye pedeli."

"Si usogeze kiti mbele?"

Mama akakunja leso taratibu. "Kiti kiko vile alivyokiacha yeye, mwanangu."

Muuzaji akamfungia plagi mpya. Mimi, bingwa wa kutoa ushauri kuhusu magari ya wenzangu, nikakodolea macho makopo ya oili.