Aliyetumwa Chumvi

Dada yangu alitumwa dukani kununua chumvi mbele ya nchi nzima, na hakurudi.

Ilikuwa kwenye tamthilia ya televisheni, ile ya familia yenye sebule kubwa na ngazi zisizoelekea popote. Dada alikuwa mtoto wa nyumba hiyo tangu akiwa darasa la pili, na kazi yake ilikuwa kulia. Wazazi wa kwenye tamthilia wakigombana, alilia. Mbwa akipotea, alilia. Mgeni akileta zawadi, alilia kwa furaha. Machozi yake yalikuwa kama yamejipanga foleni nyuma ya macho, yakisubiri kuitwa, na yalipoitwa yalishuka moja moja, kwa adabu, bila kuharibu sura. Wapiga picha walimwita bomba.

Tulikuwa tunakaa Maili Moja, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Baba, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Kibaha na kazi ya serikali, ndiye aliyemsindikiza Dar kurekodi, akiwa amevaa tai kana kwamba ni yeye atakayeonekana. Mtaani hakuna aliyemwita dada kwa jina lake.

"We mtoto, hebu lia kidogo, wageni wangu hawaamini," mama muuza maandazi alimwambia.

Dada akalia. Akapewa andazi, akalila machozi yakiwa hayajakauka. Mimi nilikuwa mdogo wake na pia meneja wake, kwa hiyo nusu ya andazi ilikuwa yangu.

Kisha akarefuka. Hakurefuka polepole kama watoto wa watu. Alilala na miguu mifupi akaamka na miguu ya mtu mwingine. Baba yake wa kwenye tamthilia, bwana mfupi mwenye sauti nzito, alijikuta anamkaripia huku ametazama juu. Wiki moja mama wa kwenye tamthilia akasema, "Nenda dukani ukanunue chumvi." Dada akatoka mlangoni. Wiki iliyofuata familia ilikuwa mezani inakunywa chai, na hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuwa bibi yetu mzaa mama, kwa simu, kutoka Chole.

"Watu gani hawa?" alimwambia mama. "Mtoto hajarudi tangu wiki iliyopita, wao wanapaka siagi."

"Mama, yupo hapa. Anafua."

"Najua yupo hapo. Nauliza mbona hawamtafuti."

Maili Moja nzima ilikuwa na swali lake, fupi zaidi, na lilimfuata dada shuleni, kisimani, sokoni, hata msibani: "Chumvi imepatikana?" Mwanzoni alicheka. Baadaye alijibu, "Bado, duka limefungwa." Mwishoni akaacha kujibu, akawa anapita njia ya nyuma.

Chole ndiko ambako hakuna aliyemuuliza. Kila likizo tulipelekwa huko, ndani kabisa Kisarawe, kwenye mikorosho na mihogo na barabara nyekundu iliyotupaka rangi hadi nyusi. Bibi, Mzaramo wa tangu enzi, alimwita dada mke mwenzangu, na mimi mume asiye na shamba. Tukifika alitukagua. "Mmekonda. Huko kwa Wanyamwezi wenu mnalishwa asali tu?" Maana sisi kwake tulikuwa wajukuu, na kwa upande wa baba tulikuwa pia watani. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu zamani za misafara, na bibi alikuwa amezaa binti akamwozesha kwa mtani, kwa hiyo alikuwa na haki ya kututukana mara mbili, nasi tulikuwa na haki ya kuiba kuku wake mara mbili.

Jirani yake alikuwa mzee mwenye redio. Redio hiyo haikushika stesheni nyumbani kwake. Ilishika mihogoni, lakini si kila mahali. Ilishika penye shina fulani, na kesho yake penye jingine. Kwa hiyo mzee alizunguka shamba jioni nzima, koti zito limemfika magotini hata jua likiwa kali, redio sikioni, kiwiko juu, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma, kama anayenong'onezwa na mtu mwenye aibu. Mkewe aliita kutoka ndani:

"Chakula kinapoa."

"Naam, nakuja."

Haji. Bada linapoa, ule ugali wa muhogo ambao ukipoa unaweza kuuezekea nyumba, na mkewe anaita tena, na mzee anajibu tena, kwa upole uleule, na haji. Mimi na dada tulilala kifudifudi nyuma ya mkorosho tukichekea mchangani.

Miaka ikaenda. Tulihamia Kongowe, baba akastaafu, mimi nikaanza kuandika riwaya ambazo mama alizieleza kwa wageni kama "bado anatafuta kazi". Dada alipata nafasi kwenye filamu za hapa na pale. Alikuwa bibi harusi anayelia, dada wa mgonjwa anayelia, na mara moja jirani anayelia ambaye hakuwa na jirani yeyote kwenye hadithi. Watayarishaji walimpigia simu kama watu wanavyompigia fundi bomba, palipokauka.

Ndipo akaja yule mwongozaji. Mama wa makamo, mpole, aliyezungumza taratibu, alikuwa anatafuta mwigizaji mkuu wa filamu ndefu: mwanamke aliyefiwa na mume na anayeendelea kupika. Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi nzima. Dada aliisoma mara moja akashindwa kula. Ilikuwa ndiyo nafasi aliyoisubiri tangu atoke mlangoni kwenda dukani.

Akaenda kujaribiwa. Akalia. Mwongozaji akasubiri amalize, akamsogezea karatasi laini.

"Dada, unalia vizuri mno," akasema. "Mimi mwenyewe nimeanza kusubiri tangazo la sabuni."

Dada akajifuta shavu.

"Rudi Jumatatu. Usilie. Nionyeshe tu kwamba mtu hayupo. Ukishindwa, nina mwingine, na yeye ni mzuri."

Siku zile nyumba yetu ya Kongowe ilikuwa nyumba ya mateso. Dada alikaa mbele ya kioo cha kabati akijizuia kulia. Tatizo ni kwamba mwili ulikuwa umeshazoea. Akiufikiria msiba tu, foleni inaanza kusogea. Akaibana. Midomo ikapinda, shavu likavimba.

"Jino linakuuma?" mama akamuuliza.

"Naigiza, mama."

"Igiza, lakini kuna karafuu kabatini."

Alinifuata uani nilikokuwa naandika. Akakaa juu ya ndoo. "Nikikosa hii," akasema, "nitakuwa yule wa chumvi mpaka nizeeke. Watakuja kuniuliza hospitalini." Hakuwa anatania. Nilitaka kumwambia kitu cha maana, kitu cha mwandishi, nikamwambia apumzike.

Ijumaa ikaja simu kutoka Chole. Mzee wa redio amefariki, amezikwa jana, bibi anatutaka. Jumamosi asubuhi tulikuwa Kisarawe, tukiwa na vumbi lilelile nyusini.

Pale msibani wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka barazani, na mjane alikuwa ndani, eda imeshaanza, mlango wake umeachwa wazi kidogo. Tuliwaamkia wakubwa, tukatoa pole, tukakaa. Hali ilikuwa nzito kuliko kawaida ya matanga ya kule. Bibi akaninong'oneza: mtani hayupo. Mzee wa Kinyamwezi aliyezoeleka kwenye misiba yote ya pale, yule anayezuia jeneza, anayedai kuku, anayemwigiza marehemu hadi wafiwa wakacheka bila kutaka, alikuwa amesafiri kwa binti yake. Msiba bila mtani, kwa bibi, ulikuwa kama bada bila mboga. Unamezeka, lakini kwa nini.

Kisha akainua sauti ili wote wasikie.

"Lakini mtani si huyu hapa? Damu ya Tabora hii. Na kazi yake ndiyo hiyohiyo."

Macho yote yakamgeukia dada. Yakanipitia na mimi pia, maana damu yangu ni ileile, lakini bibi akawaambia, "Huyo mwacheni, huyo ni mtani wa karatasi."

Mtu akaleta koti la marehemu. Ndiyo desturi, mtani anayemwigiza marehemu huvaa nguo yake. Dada akasimama, akalivaa, likamfika magotini na yeye. Akatembea hadi katikati ya uwanja, akageuka. Watu wote wale wakimtazama, mwili wake ukafanya kilichofundishwa tangu darasa la pili. Akalia. Chozi la kwanza, kwa adabu. La pili.

"Ah, si ndiye yule aliyetumwa chumvi?" mwanamke mmoja akanong'ona, na mnong'ono huo ukafika hadi chini ya turubai. Vicheko vidogo vikaanza, vya aina mbaya. Hata Chole sasa. Nilitazama mkeka.

"Mke mwenzangu," bibi akasema, bila ukali. "Machozi tunayo, tena ya kutosha. Tuletee mzee mwenyewe."

Dada akasimama tu. Akajifuta kwa mkono wa koti. Nadhani ni harufu ya koti iliyofanya kazi iliyobaki, moshi na tumbaku na betri, kwa sababu aliuacha mkono pale usoni kitambo, kisha akainama, akaokota kipande cha tofali, akakiweka sikioni. Kiwiko kikapanda. Hatua moja mbele. Nusu hatua nyuma. Akageuza shingo kuelekea mihogoni, akakunja uso, akasogea pembeni kidogo, uso ukakunjuka: imeshika.

Kwanza alicheka mtoto. Kisha mzee mmoja chini ya turubai akapiga goti lake, "Ndiye! Ndiye huyo!" na uwanja wote ukaangua. Dada hakuwatazama. Alikuwa anasikiliza tofali. Likapoteza stesheni, akalitikisa, akalizungusha, akalisogeza hadi kwenye kikapu cha mwanamke mmoja, likashika hapo, ikabidi mwanamke azuiwe asisogee. Watu walicheka hadi wakashikana mabega.

Na katikati ya vicheko hivyo, kutoka ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, sauti ya mjane:

"Chakula kinapoa."

Sijui kama alikusudia. Nafikiri ilimtoka yenyewe, kama mkono unavyokwenda kuzima taa.

Dada hakugeuka. Tofali sikioni, kiwiko juu. "Naam," akasema, kwa upole ule. "Nakuja."

Hakuja. Akachukua hatua nyingine kuelekea mihogoni, na nyingine, akaingia kati ya mashina, na tukaanza kuona koti tu, halafu majani yanayocheza, halafu majani.

Ndani tulimsikia mjane anacheka. Alicheka sana, kisha kicheko kikageuka, na wanawake wakaingia kumshika. Barazani kila mtu alikuwa analia, hata mimi. Dada aliporudi kutoka mihogoni macho yake yalikuwa makavu. Alinitazama kama mtu aliyepitishwa mahali asipopajua.

Mtani ana haki yake. Mjane akatuma neno: koti ni la mtani, alichukue.

Jumatatu alikwenda nalo. Sikuwepo, kwa hiyo sitapamba. Aliniambia tu kwamba mwongozaji alimtazama akipakua chakula cha watu wawili, akasahau kumsimamisha, hadi mpiga picha akauliza kama aendelee au aende akale.

Filamu ilisafiri. Ilifika nchi ambazo baba alizitafuta kwenye ramani kwa kidole, akiwa na tai yake ya zamani. Dada alirudi na tuzo ya kioo ambayo mama aliiweka juu ya friji na kuifunika kitambaa isiingie vumbi. Magazeti yakamwita nyota. Mama muuza maandazi wa Maili Moja alimkumbatia, akampa andazi bila kumdai chozi, kisha akashindwa kujizuia: "Chumvi je?"

Wiki iliyofuata tuliipeleka filamu Chole. Tuliionyesha mchana, kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha yakiwa yamezibwa kwa khanga za akina mama, kwa hiyo mwanga uliopenya ulikuwa wa rangi na maua. Mashine ya kuonyeshea iliwekwa juu ya madawati mawili, ukuta ukawa pazia. Bibi alikaa mbele kabisa kwenye kiti cha mwalimu. Mjane wa mzee, eda ikiwa imekwisha zamani, alikaa nyuma karibu na mlango. Dada alijibanza upande wa pili, kwenye mkeka, akila kucha.

Alipotokea ukutani amevaa lile koti, mtu akaguna. "Koti hilo," sauti ya nyuma ikasema. "Kifungo cha chini mimi ndiye niliyekosa uzi wa kukishonea."

Kwenye filamu mwanamke anapakua sahani mbili. Ya pili anaifunika kawa. Anakaa mlangoni. Hakuna muziki. Hatazami njia, anatazama tu mikono yake, wala hagusi chakula. Nilisikia khanga ya dirishani ikipigwa na upepo.

"Chakula kinapoa," mjane akasema.

Alisema taratibu, akiuambia ukuta. Mwanamke wa ukutani hakuandikiwa kujibu.

"Naam," dada akasema kutoka mkekani. "Nakuja."

Akainuka. Njia pekee ya kufika nyuma ilikuwa kukatiza mbele ya mashine, na alipokatiza, kivuli chake kikamfunika yeye mwenyewe aliye ukutani, uso, koti, na sahani zote mbili. Akafika, akakaa sakafuni kando ya mjane, na mjane akamshika mkono bila kuacha kutazama mbele.

"Mke mwenzangu," bibi akasema kutoka kiti cha mwalimu, bila kugeuka, "siku nyingine inama. Umetuzibia mtu."