Nilimwita Mama, Wakasikia Mchawi

Naombeni mnifichie jina, mume wangu anaufuatilia ukurasa huu. Nina miaka 29, naishi Kiseke, tuna mtoto mmoja. Nakata minofu kwenye kiwanda cha samaki, zamu ya usiku, kwa hiyo nalala mchana. Mama mkwe alivuka ziwa kutoka Sengerema kuja kutulelea mtoto.

Mwezi wa pili wa zamu hiyo nikaanza kuzinduka nikiwa siwezi kusogeza hata kidole. Macho yanaona pazia, yanaona jua, na kitu kizito kimenikalia kifuani. Siku moja katika hali hiyo nilimsikia mama mkwe akitwanga karanga uani, nikajikaza kumwita aje aniamshe. Jirani aliyekuja kuazima ungo alisikia nikigumia, akaingia kunitikisa.

"Dada, nani kakukaba?"

Wakati huohuo sauti yangu ikafunguka: "Mama."

"Mama mkwe wako?"

Sikujibu. Hilo ndilo kosa langu. Asubuhi ile mama mkwe alikuwa amenisema mbele ya wageni, "Mke gani huyu, analala kama chatu aliyemeza mbuzi," na nilitaka aondoke.

Kufikia jioni mtaa mzima ulijua. Mume wangu alimsindikiza mama yake hadi kwenye kivuko bila kumtazama usoni. Habari zilivuka naye. Macho yake mekundu, ya moshi wa kuni wa miaka mingi, sasa yanaitwa ushahidi. Watoto wa kijijini hawampi shikamoo. Shemeji yangu anayeishi naye huko ameambiwa amhamishe kabla watu hawajamhamisha wenyewe.

Daktari alinieleza kwamba akili huamka kabla ya mwili, hasa kwa mtu aliyevurugikiwa na saa za kulala, na anachokiona ni ndoto ambayo haijaisha. Nimemwelewa. Bado inanipata, na tangu mama aondoke, kile kitu kifuani kina uso wake.

Jumapili alinipigia simu.

"Mwanangu, siku hizi unapata usingizi?"

"Napata, mama."

"Afadhali. Mimi huku silali. Juzi wamelipiga bati langu mawe."

Mume wangu akijua kwamba nilinyamaza makusudi, sidhani kama nitabaki na ndoa. Ndugu zangu, nipeni sentensi ya kwanza ya kumwambia mume wangu, na tafadhali mnijibu leo.