Siku Niliyoficha Ubuyu Mdomoni

Siku hizi nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningeingia mwenyewe na mchanga nikajifukia, maana mimi bibi mzima, mwenye wajukuu mpaka majina yao nayachanganya, niliaibika mbele ya wakwe kwa kitu cha kitoto, ubuyu.

Asubuhi hiyo nilitoka kwenda sokoni Kariakoo, hapo hapo nyuma ya nyumba yetu, kununua hiliki ya chai ya wageni. Kijana anaitwa Idrisa alikuwa anakuja na watu wake kumposa mjukuu wangu Rehema, na kwa kuwa babu yake hatunaye tena, jibu natakiwa nilitoe mimi. Basi kupita pale kona, nikamkuta mama wa ubuyu ndiyo kwanza anaepua, mwekundu unang'aa, na ile harufu ikanibeba mpaka utotoni, Kariakoo ya nyumba za udongo na mchanga unaounguza nyayo, mimi na mdogo wangu Chausiku tunakwenda chuoni kusoma Kurani mashavu yamevimba kwa ubuyu. Mwalimu alikuwa anatusimamisha mlangoni, "Toa ulimi," ukiwa mwekundu umekwisha, bakora. Chausiku hakuchapwa hata siku moja kwa sababu ndiye aliyekuwa ananisemea (na ubuyu wenyewe wangu, kaniomba).

Nikanunua pakiti. Nikajisemea naonja tu, nikaonja nikiwa njiani, nikaonja nikiwa jikoni, mpaka nakaa sebuleni shavu limejaa, mimi niliyetoka kumnyang'anya Rehema pipi nikimwambia leo ni heshima, hakuna kutafuna. Mara hodi. Wageni wamewahi. Niteme wapi? Nikavuta ncha ya mtandio nikaziba mdomo, shikamoo zao nikaziitikia kwa kichwa, wao wakaniona mama wa watu ana haya.

Msemaji wao alikuwa shangazi yake Idrisa, mwanamke wa mjini, anauza vitenge, maneno yake hayana kituo. Akaeleza lililowaleta, kisha wote wakanigeukia wapate jibu. Mimi nikazidi kuukaza mtandio. Hapo ndipo Chausiku, aliyekaa pembeni yangu, uzee wote ule na tabia hajaiacha, akasema:

"Mtamsubiri sana dada yangu. Ana ubuyu huyo."

Sasa mimi ubuyu ninaoujua ni wa kumung'unya. Sikujua kwamba siku hizi mjini hapa umbea nao wanauita ubuyu. Shangazi mtu akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mama, kama una ubuyu, utoe hapa hapa tuujue."

Nikajibu ndani ya mtandio, "Ni kidogo tu, mwanangu. Nimeupata sokoni asubuhi."

"Kwa nani?"

"Mama mmoja pale kona. Hapiti mtu bila kupewa."

"Kwa hiyo ni wa leo."

"Wa moto kabisa. Tena una pilipili, siwezi kuutoa mbele za watu."

Idrisa jasho likamtoka. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti, akasema, "Bibi, naona umeshaambiwa. Ile nyumba ya Upanga niliyowaambia ninayo si yangu, namlindia mwenyewe yuko safari. Mimi nimepanga chumba Magomeni. Niliogopa mtaninyima Rehema."

Nikabaki nashangaa, ubuyu wangu na chumba chake vimekutana wapi? Kabla sijapata jibu, Rehema, ambaye alitakiwa kukaa ndani asisikike, akajibu nyuma ya pazia, "Chumba chenyewe mbona kizuri tu, hata mapazia nimechagua mimi."

Jamani. Mwari wangu! Nikavuta pumzi ili nimkaripie, mbegu ikaenda njia siyo, nikakohoa, na kila kilichokuwemo mdomoni kikamrukia Idrisa kwenye kanzu yake nyeupe.

Shangazi akapiga ukelele kwamba natapika damu, akataka bajaji iitwe nikimbizwe hospitali. Chausiku wala hakuinuka. "Damu ya wapi, si nimewaambia ana ubuyu?"

Lakini Idrisa alikuwa ameshanifikia, ananipigapiga mgongoni, ananishikia kikombe cha maji, kifua chote chekundu na wala hajajiangalia. Nilipopata sauti nikaitoa pakiti kwenye mkoba, nikaiweka mezani, nikatoa na ulimi wauone wote. Walicheka mpaka shangazi mtu akavua miwani ajifute machozi, kisha akajichotea.

Jibu nililitoa hapo hapo. Nikasema kijana aliyeniangalia mimi akaisahau kanzu yake, huyo mjukuu wangu namwachia, hata kama ana chumba kimoja. Ila Rehema haendi tena Magomeni mpaka afungishwe ndoa.

"Na wewe mama," shangazi akasema, midomo imemwiva, "mpaka ndoa hakuna ubuyu."

Nikaapa, na kiapo nimekishika hadi leo, mbele ya wageni siuweki mdomoni. Siku ya harusi Chausiku alinisimamisha mlangoni, "Toa ulimi." Nikautoa, msafi kabisa. Mkoba hakuukagua.