Kikombe cha Langoni

Kwetu mgeni haondoki mkavu. Akiaga, mwenye nyumba humsindikiza hadi langoni na kummiminia kikombe cha mwisho cha pombe, anywe akiwa amesimama. Kukikataa ni kumtukana aliyekualika. Nimesoma hadi chuo kikuu na bado sijapata wa kunieleza nani aliamua hivyo.

Nilipohitimu, mjomba alinifanyia sherehe nyumbani kwake mtaani Wabera. Jua likiwa bado juu, shemeji yake aliaga, akaanza kutafuta pikipiki iliyokuwa mbele ya macho yake.

"Mjomba, huyu alale hapa," nikasema.

"Shemeji, kunywa. Huyu digrii imemlevya kuliko wewe," mjomba akasema, akimmiminia kikombe pale langoni.

Watu wakacheka. Shemeji akamaliza kikombe, akawasha pikipiki, na pale kona akamgonga mama anayeuza maziwa ya ngamia. Goti lake lilivunjika, na mguu haujanyooka tena.

Shemeji alishtakiwa, akatozwa faini. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakaamua ukoo wa shemeji umlipe mama mbuzi. Mjomba alikuwa mmoja wa wazee hao, akihimiza amani.

"Na aliyemimina je?" nikamuuliza baadaye.

"Kwani nilimfunga kamba? Mtu mzima ana mdomo wake."

"Angeweza kukataa?"

Alijua jibu.

Rafiki yangu wakili aliniambia sheria ya pombe humwandama zaidi muuzaji. Anayemimina bure nyumbani kwake labda adaiwe mahakamani kwa uzembe, na lazima aliyeumia aanze mwenyewe, awe na shahidi. Shahidi nilikuwa mimi. Nikaenda mtaa wa Bulla Pesa kwa yule mama, nikamsalimia salaam aleikum, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akiusogeza mguu kwa mikono, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Nilimwona akimimina," akasema. "Nilikuwa nimekaa palepale kona. Mjomba wako alikuja hapa na sukari na majani chai. Nikamngoja aseme. Akasema ni mapenzi ya Mungu."

"Basi tumshtaki, mama."

"Kijana wangu, wateja wangu wote ni wa mtaa wenu. Nikimpeleka kortini, haya maziwa atayanunua nani? Wewe?"

Hata kazi sina.

Jumamosi mjomba ana sherehe ya ubatizo wa mjukuu wake. Shemeji amealikwa. Atakuja na pikipiki.