Mama Laurentine na Msimu wa Pili wa Kinue

Laurentine Chomba alijifunza Kifaransa kwenye beseni la kufulia. Miaka kumi na mmoja alifua mashuka ya masista, na masista wale walikuwa wanagombana kila siku: juu ya funguo za ghala, juu ya chumvi kwenye supu, juu ya nani aliharibu wimbo wa misa. Yeye alisugua na kusikiliza. Alipoacha kazi ile, hakuna sista aliyemshinda kugombana. Shuleni alikaa miaka miwili tu, kule Kambove, ambako baba yake alichimba shaba mpaka kifua kikamshinda.

Kwenye kitambulisho chake jina lake liliandikwa Chomba peke yake, kwa kuwa serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Ukimwita Chomba barabarani, hakugeuka. Sisi wa mtaa wa Naviundu tulimwita Mama Laurentine, kama kawaida.

Barabara yetu ilikuwa na televisheni moja, ya Kalaba, dereva wa kreni kwenye kiwanda cha shaba. Kila Jumapili mchana mke wake, Hortense, aliisogeza mpaka dirishani, na wanawake wa jirani wakakaa uani. Hapo ndipo tulipomjua Kinue. Ilikuwa katuni ya Wajapani, iliyotiwa sauti za Kifaransa, juu ya binti wa mtengeneza karatasi zamani za wapanda farasi na mapanga. Kinue alimpenda Tadashi, askari mlinzi wa ngome ya mtawala. Wengi wetu hatukujua Kifaransa, kwa hiyo Mama Laurentine alisimama kando ya dirisha na kututafsiria. Hakutafsiri kama mtu anayesoma barua. Kinue akinong'ona, naye alinong'ona. Mtawala akifoka, kuku wa Hortense walikimbia.

Msimu wa kwanza uliishia mahali pabaya. Tadashi alikataa kuwapiga wakulima, akafungwa, na lango la ngome likafungwa Kinue akiwa nje kwenye theluji. Kisha kimya, mwaka mzima na zaidi. Wanawake walimsimamisha Mama Laurentine sokoni kumuuliza kama Tadashi amekufa, kana kwamba yeye alikuwa na ndugu kule Ujapani.

Siku mtangazaji aliposema katuni ile inarudi, Hortense alitoka mbio na mikono yenye unga, akapiga kelele barabara nzima: "Kinue anarudia! Dimanche!"

Jumapili ile uwanja ulijaa. Akaja pia Mwenze, mkuu wa chama tawala katika barabara yetu, amevaa abakosti, suti ya chama isiyo na tai, na picha ya Kiongozi wa nchi kifuani. Alipewa kiti cha mbele. Kwenye msimu huu wa pili njaa ilikuwa imeingia nchini kwa Kinue, lakini mtawala bado alidai mchele uleule, na juu yake watu wamwimbie na kumchezea ngoma kila anapopita. Wakulima walicheza huku wakilia.

Mama Laurentine alisema maneno yale kama yalivyo. Sisi wenyewe tulikuwa tumetoka kuchezea wageni wa chama Alhamisi iliyopita, juani, tangu asubuhi.

Mwenze aliinuka, akamwita 'raia' kama chama kilivyotaka. "Citoyenne Chomba, pale useme bantu banafurahi."

"Baba Mwenze, banalia. Machozi iko pale, unayaona."

"Ni machozi ya furaha."

"Kifaransa haisemi vile. Na miye sisemi vile."

Jumatatu Mama Laurentine aliitwa ofisini kwa chama. Walimfagisha uwanja wa ofisi siku tatu, kuanzia asubuhi hadi jioni, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Siku ya tatu Mwenze alimletea karatasi atie sahihi, kwamba hatatafsiri tena bila ruhusa. Aliisoma yote, taratibu, akamwonyesha makosa mawili ya Kifaransa, kisha akaiweka mezani bila sahihi.

"Unataka kufungwa?" Mwenze akauliza.

"Ukitaka kunifunga, funga. Kinywa ni yangu."

Hakumfunga. Jumapili iliyofuata alikuja na mtafsiri wake, mwalimu Désiré, kijana mpole aliyejua Kifaransa cha vitabu. Mama Laurentine alikaa nyuma, miguu inamuuma. Picha zikaanza: askari wanachoma ghala, mama anavuta watoto kutoka kwenye moshi.

"Eeh... banasherehekea mavuno," akasema Désiré, akitazama viatu vyake.

Kwanza alicheka mtu mmoja. Kisha uwanja mzima. Mwanamke mmoja akageuza kigoda chake, akaipa televisheni mgongo na kumtazama Mama Laurentine. Wa pili akageuza, wa tatu, mpaka sote tukawa tumeangalia nyuma.

"Mama, sema," tukamwambia.

Akasimama. Akatafsiri: "Wanachoma mchele wa bantu. Huyu mama anasema, 'Hata mukichoma yote, hatutaimba.'"

Mwenze alikwenda kusimama mbele ya dirisha, akaziba picha kwa mgongo wake mpana. Ndipo mke wake mwenyewe, Madeleine, aliyekuwa amekaa katikati yetu na mtoto mgongoni, akasema bila kuinua sauti: "Baba, kaa ao wende. Unatuzibia."

Mwenze akaondoka, uso umemwiva, na Désiré akabaki, akatafuta kigoda.

Tangu hapo hatukusumbuliwa tena. Labda Mwenze aliogopa nyumba yake kuliko ofisi yake, sijui.

Kipindi cha mwisho Tadashi alitolewa gerezani, akapigwa mshale darajani kabla hajamfikia Kinue. Tulilia sana. Hortense akamshika Mama Laurentine mkono.

"Mama, tafadhali. Shiye hatujue Kifaransa. Utuambie Tadashi anapona. Atatudai nani?"

Mama Laurentine naye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akatutazama mmoja mmoja kwa ukali, kama tulivyomwona akimtazama Mwenze.

"Nilifagia siku tatu juu ya maneno haya," akasema. "Tadashi amekufa. Kinue anabaki na kazi ya karatasi, na wakulima wanakataa kulipa. Mulie, lakini mulie juu ya ile ilitokea."

Akageukia tena dirishani, kwa sababu Kinue alikuwa bado anasema.