Mkono wa Chini

Nyumbani Kenya nilikuwa mrushaji wa besiboli, na usicheke. Hata mamangu hakuuelewa mchezo wenyewe, lakini timu ya kaunti ilinijua, na mpira wangu ulimpita mwenye gongo kabla hajakohoa. Kisha ajenti akaniambia Saudia kuna kampuni zenye timu. Mjinga ni mimi. Niliishia kulinda lango la ofisi Olaya, Riyadh, ikama, kibali changu cha kuishi, imeisha muda, na bosi hataki kuifanya upya wala kunirudishia pasipoti. Kila nikimuuliza, jibu ni bukra, na hiyo kesho haikufika.

Mwaka wa pili, dereva mmoja Mfilipino aliniambia kiwanda fulani Jeddah kina timu na kinatafuta mrushaji. Meneja akikupenda, anakutoa kwa kafili wako, yaani bosi anayekudhamini, na kukuhamishia ikama kwake. Basi mwezi mzima nilitupa mpira ukutani, nyuma ya jenereta, hadi bega likavimba. Mengine yote nilikuwa nimeshayakatia tamaa.

Nikapanda basi, ikama mbovu mfukoni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikagua viti vya mbele, akachoka, akashuka. Ijumaa asubuhi nilifika Jeddah, mtaa wa Kandara, nikapelekwa kiwanja cha vumbi huko Al-Mahjar.

Meneja alinipa mpira mkubwa kama balungi. Hapo ndipo nilipojua kwamba wao hucheza softiboli, ambayo mpira wake hurushwa kwa mkono wa chini, kutoka kiunoni. Shuleni kwetu huo ulikuwa mchezo wa wasichana. Dada yangu ndiye aliyekuwa mrushaji wao, nami nilimcheka mbele ya watu: "Unamwaga maji ya vyombo?"

Nikarusha kwa juu, refa akakataa. Nikajaribu kwa chini. Wa kwanza ulipiga fensi, wa pili ukampata mtu mguuni.

"Bosi, nipe nafasi nyingine," nilimsihi, machozi yakinilengalenga, mtu mzima mimi.

Alinipa mipira mitano zaidi. Kisha akanishika bega, lilelile lililovimba. "Halas, imetosha, rafiki."

Nikiwa kituo cha basi, dada alipiga simu. "Wamekuchukua?"

Nilimweleza yote, nikingoja kicheko chake, maana kilikuwa haki yake. Hakucheka.

"Si ungeuliza tu ni mchezo gani," alisema. "Ningekufunza kwa wiki moja."